Saguaro zilizochanua mapema

Jimboni Arizona, Marekani, saguaro, dungusi refu la jangwani, huchanua kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Juni. Nilifika mji wa Tucson Aprili haijafika katikati, na upande wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Saguaro maua yalikuwepo tayari. Machache, ila yapo. Kiingilio ni dola 25 kwa gari, iwe mmejaa au uko peke yako; tiketi hutumika siku 7.

Dungusi hili hupita mita 10 na maua yako kileleni na kwenye ncha za mikono, yaani matawi yake, kwa hiyo beba darubini. Anza kutazama upande wa mashariki wa mmea, ambako matumba hupata joto mapema na kufunguka kwanza. Zile fupi zipite tu: hapa saguaro hutoa ua la kwanza ikiwa na miaka 35 hivi.

Kinachowakosesha wengi ni saa. Ua hufunguka usiku, hufumba alasiri inayofuata, na halifunguki tena. Arizona haisogezi saa zake majira ya joto, hivyo jua hutoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Anayesubiri kifungua kinywa cha hoteli atakuta petali zimeanza kulegea.

Kuwahi huku kunapendeza machoni, lakini kwa mmea ni bahati nasibu. Saguaro haiwezi kujichavusha. Inahitaji chavua ya saguaro nyingine. Iliyochanua peke yake itaangusha maua bila tunda hata moja. Popo wanaohama kutoka Meksiko wasipokuwa wamefika, kazi hubaki kwa nyuki na njiwa wenye mabawa meupe, nao huifanya asubuhi kabla ua halijafumba.

Maji yawe lita 4 kwa mtu kwa siku. Na ukitazama juu, simama kwanza: chini kuna cholla, dungusi ambalo vipande vyake hukatika na kukuganda kwa kuguswa tu. Usikivute kwa vidole, kwa kuwa miiba ina vijino vilivyoelekea nyuma na itahamia mkononi. Pitisha chanuo kati ya kipande na ngozi, kirushe mbali na wenzako, kisha ng'oa miiba iliyobaki kwa kibano. Kagua na soli kabla ya kukanyaga pedeli za gari.