Deni la Mshindi wa Pili

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Somo letu la wiki hii ni Luka 19:1-10, habari za Zakayo, mkuu wa watoza ushuru aliyepanda mkuyu ili amwone Yesu, na kwa somo hilo nataka tuulize kama sisi mashabiki tunapaswa kuwasamehe wanamichezo mashuhuri waliokosa; nami nakiri mapema kwamba safari hii halikunijia nikiwa kanisani, bali nikiwa kwa kinyozi, hapa hapa Umoja, Nairobi, nikingojea zamu yangu na kuutazama ukuta.

Ukuta huo una historia yake. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2014, Mkenya mwenzetu Rita Jeptoo alishinda mbio za marathoni za Boston kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 57, muda ambao hakuna mwanamke aliyekuwa ameufikia katika njia ile, na kesho yake kinyozi wetu akaikata picha yake gazetini na kuibandika juu ya kioo. Mwisho wa Oktoba mwaka huo huo zikaja habari kwamba sampuli yake ilipatikana na EPO, homoni inayouongezea mwili seli nyekundu za damu ili damu ibebe oksijeni nyingi zaidi. Picha ilibanduliwa jioni hiyo hiyo, kwa hasira, hata rangi ya ukuta ikatoka nayo, na alama ya mraba ingalipo hadi leo. Pembeni mwa alama hiyo kuna picha nyingine, kubwa zaidi, ambayo hakuna aliyewahi kuigusa: bondia Mike Tyson, amekunja ngumi. Tyson alipatikana na hatia ya ubakaji mwaka 1992 katika jimbo la Indiana, Marekani, akatumikia kifungo, na siku zote amekana kosa hilo.

Kijana aliyekuwa akinyolewa ndiye aliyeuliza. "Mzee, huyo dada si alishamaliza adhabu yake? Mbona humrudishi ukutani?" Kinyozi alisimamisha mashine. "Huyo alituaibisha," akasema, kisha, kama mtu anayejibu swali ambalo hakuna aliyemwuliza, akaongeza, "Huyu mwingine hakutukosea sisi."

Nimelibeba jibu hilo tangu siku hiyo, kwa sababu linaeleza kwa uaminifu jinsi sisi mashabiki tunavyosamehe. Tunasamehe upesi pale ambapo aliyeumia ni mtu mwingine, na tunashikilia kinyongo pale ambapo kilichojeruhiwa ni fahari yetu. Kwa hiyo, kabla ya kujibu kama mashabiki wanapaswa kuwasamehe wanamichezo mashuhuri waliokosa, inatubidi kuuliza deni lenyewe ni la nani, na hilo ndilo swali ambalo nadhani Zakayo alilielewa kuliko umati uliokuwa ukinung'unika chini ya mkuyu.

Tazameni anachosema Zakayo. Akiwa amesimama mbele ya Bwana, hasemi tu kwamba anajuta, bali anataja hesabu: nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemnyang'anya kitu, kumrudishia mara nne. Torati, katika Hesabu 5:7, ilimtaka mkosaji anayeungama arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano, akimpa yule aliyemkosea. Zakayo anapita kiwango hicho mbali sana, lakini mwelekeo wa fedha ni ule ule, yaani kwa aliyedhulumiwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha jambo hilo hilo inapoeleza malipizi: ondoleo huiondoa dhambi, ila haliponyi madhara yote yaliyoletwa na dhambi, na mwenye kutubu anapaswa kufanya lililo ndani ya uwezo wake kuyatengeneza, kama vile kurudisha vilivyoibwa na kusafisha jina la aliyesingiziwa. Wengi wetu tunayajua haya tukiwa kwenye foleni ya kitubio. Tukiwa mbele ya runinga tunayasahau.

Sasa rudini Boston. Nyuma ya Jeptoo siku ile alifika Buzunesh Deba wa Ethiopia, kwa saa 2, dakika 19 na sekunde 59. Aliona utepe ukikatwa na mwingine, na wimbo wa taifa uliopigwa haukuwa wake. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilipoongeza adhabu ya Jeptoo kutoka miaka 2 hadi 4, Oktoba 2016, na matokeo yale ya Boston yakafutwa, Deba alihesabiwa kuwa bingwa wa 2014 na mwenye rekodi ya njia ile, rekodi iliyodumu hadi Aprili 2025 ilipovunjwa na Mkenya mwenzetu Sharon Lokedi. Lakini zawadi ya mshindi wa kwanza ilikwisha kulipwa kwa mwingine, na Deba aliendelea kungoja tofauti ya zawadi yake mwaka baada ya mwaka, wakati miguu ya mwanariadha haingoji. Mwaka 2024 mfanyabiashara mmoja wa Marekani, ambaye hakuwa na deni lolote katika habari hiyo, alisoma kisa chake na kumtumia dola 75,000 kutoka mfukoni mwake mwenyewe.

Niliposoma hayo nilimkumbuka Mtume Paulo akimwandikia Filemoni juu ya Onesimo, mtumwa aliyetoroka: kama amekudhulumu, au kama unamdai kitu, kiandike juu yangu, mimi nitalipa. Paulo hamwambii Filemoni kwamba hakuna deni, wala hajifanyi kuwa yeye ndiye aliyekosewa. Anaomba msamaha kwa ajili ya mkosaji huku akiweka mkono mfukoni. Kama kuna shabiki yeyote aliyepata haki ya kusema neno juu ya msamaha katika kisa kile cha Boston, nadhani ni yule mfanyabiashara, ingawa kwa kadiri nilivyosoma yeye alizungumza na Deba tu, na labda hiyo ndiyo hekima yenyewe.

Najua kuna ndugu atakayenikumbusha Zaburi ya 51, ambamo Daudi anamwambia Mungu kwamba amemkosea yeye peke yake, ilhali Uria alikwisha uawa na mke wake kuchukuliwa. Ni kweli kwamba kila dhambi hatimaye humgusa Mungu, na ndiyo sababu yeye anaweza kuiondoa yote. Mimi si Mungu, wala wewe shabiki mwenzangu si Mungu, na hatuwezi kumwondolea bondia kosa alilomtendea mwanamke ambaye hatukuwahi hata kulijua jina lake. Tunaloweza ni kuacha kulifanya kosa hilo kuwa pambo la ukutani.

Je, basi, shabiki hana chake cha kusamehe? Anacho, na si kidogo. Wapo waliokuwa wakiamka alfajiri kwenda kukimbia pembeni mwa barabara ya Outer Ring kwa sababu ya mtu waliyemwona akishinda, na waliposikia habari za dawa walihisi kama wameibiwa asubuhi zao. Tarehe 14 Agosti 2016, siku ya Dominika, wengi wetu tulitoka Misa, tukala, tukakaa mbele ya runinga mchana, tukamwona Jemima Sumgong akiwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu ya marathoni katika Olimpiki, kule Rio. Mwaka uliofuata alipatikana na EPO katika kipimo kilichofanywa baada ya michezo ile, akafungiwa miaka 4, na mwaka 2019 adhabu ikaongezwa hadi miaka 8 kwa sababu alitumia hati za hospitali zilizoghushiwa katika utetezi wake. Eunice Kirwa, mzaliwa wa Kenya aliyekimbia kwa niaba ya Bahrain na kushika nafasi ya pili siku ile, naye alifungiwa mwaka 2019 kwa dawa hiyo hiyo. Medali zao za Rio hawakunyang'anywa, kwa kuwa hakuna kipimo cha siku zile kilichowanasa, na amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, hata kama mioyo yetu imekwisha kutoa hukumu. Bado Dominika ile imebaki na doa katika kumbukumbu yangu. Doa hilo ni langu kulisamehe, na nimejaribu.

Kujaribu kulianza kwa kukiri niliyoyasema. Katika kundi letu la simu niliandika maneno juu ya wanariadha hao ambayo nisingethubutu kuyatamka mbele ya mama zao, na mbaya zaidi, nilisema "watu wa huko," nikimaanisha kabila zima. Wakishinda ni wetu, Wakenya, tunawapungia bendera uwanja wa ndege. Wakianguka wanakuwa watu wa huko, wa Bonde la Ufa. Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo walivyosema wahenga, na kwa kweli kila mwanariadha msafi anayetoka Iten au Kapsabet leo anatazamwa mguu wake kwa shaka kwa sababu ya makosa ya wenzake. Sisi mashabiki tunapowajumlisha, tunampa kijana ambaye hajawahi kuonja dawa yoyote sehemu ya adhabu isiyo yake, na hapo sisi ndio tunaodaiwa.

Linaloniwia gumu zaidi ni kisa cha Asbel Kiprop. Mwaka 2008, kule Beijing, alimaliza wa pili katika mbio za mita 1,500, nyuma ya Rashid Ramzi wa Bahrain. Baadaye Ramzi alipatikana na dawa, akavuliwa ushindi, na dhahabu ikawa ya Kiprop, bila uwanja, bila wimbo wa taifa siku ile yenyewe. Alikuwa kijana wa miaka 19, naye alidhulumiwa kama Deba. Kisha akawa bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2011, 2013 na 2015, na kisha sampuli yake ya Novemba 2017 ikapatikana na EPO, akafungiwa miaka 4. Yeye amekana wakati wote. Bwana anasema katika Luka 17:3 kwamba ndugu yako akikosa umwonye, na akitubu umsamehe. Lakini asiyeungama tunamfanyaje? Siwezi kuisoma dhamiri yake, na sitajifanya ninaweza. Naona tu kwamba moyo unaweza kuacha kulipiza hata pale ambapo mikono ya kupokea toba bado haijapata kitu cha kupokea. Adhabu yake iliisha mwaka 2022, na mtu aliyemaliza adhabu ana haki ya kukimbia bila kuzomewa.

Upande wa pili yuko Ruth Chepngetich, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, pale Chicago Oktoba 2024, ambaye mwaka uliofuata alifungiwa miaka 3 badala ya 4 kwa sababu alikubali mashtaka ya dawa. Katika jumuiya yetu mzee mmoja alicheka na kusema kwamba toba yenye punguzo la bei si toba. Nilitaka kukubaliana naye, kisha nikakumbuka kwamba Kanisa lenyewe hutofautisha majuto kamili, yatokayo katika kumpenda Mungu, na majuto yasiyo kamili, yatokayo katika kuiogopa adhabu, na kwamba hata hayo ya pili yanatosha kumfikisha mtu kwenye kitubio. Ni wangapi kati yetu tuliowahi kupiga magoti pale kwa sababu safi kuliko hizo?

Taji ni jambo jingine, na halinichukui muda mrefu. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba anayeshindana katika michezo hapewi taji asiposhindana kwa halali, na Musa, rafiki wa Mungu, aliiona Kanaani kutoka mlimani bila kuingia. Kusamehewa hakumrudishii mtu rekodi iliyofutwa, na anayeomba vyote viwili kwa pamoja anaomba zaidi ya alichopewa Musa.

Alhamisi jioni, kwenye jumuiya, tulisoma Injili hii mara tatu kama ilivyo desturi yetu, na kinyozi alikuwapo, amekaa karibu na mlango. Nilieleza habari za Deba kama nilivyozieleza hapa. Hakuna hata mmoja kati yetu, watu kumi na wanne tunaojiita mashabiki wa riadha, aliyekuwa amewahi kulisikia jina lake. Wakati wa maombi ya nia, mama mmoja anayeuza mboga karibu na kituo cha matatu alimwombea Rita, apate amani na riziki ya halali, kisha akaanza kumwombea "yule dada wa Ethiopia," akakwama, akafumbua macho na kutuuliza anaitwa nani. Aliyemjibu ni kinyozi. Alilitamka polepole, Buzunesh, naye mama akalirudia, na sote tukaitikia: ee Bwana, twakuomba utusikie.