Vioo vyangu nilivinunua mara mbili

Mwezi wa saba Lubumbashi kuna baridi ambayo wageni hawaiamini mpaka iwapate. Asubuhi ile nilitoka nje ya lupango, yaani ua wetu, na kikombe cha chai mkononi, jua bado halijachomoza, maana nilitaka kuwahi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kuchukua mzigo wangu wa vitenge. Nikaingia garini, nikawasha, nikatupa jicho kwenye kioo cha kushoto. Nikaona plastiki nyeusi tupu, na kijimota kidogo katikati kama kitovu. Nikageukia kulia: hivyo hivyo.

Gari langu ni Toyota IST, zile za miaka ya 2000 mwanzoni zinazotoka Japani, usukani kulia. Na sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Maana yake nikiwa nyuma ya lori la shaba siwezi kuchungulia mbele, na anayetaka kunipita namwona kwa kile kioo cha kushoto tu. Kwenda Kasumbalesa, karibu kilomita 90 za malori, bila kioo hicho? Nilizima gari, nikarudi ndani.

Kwanza nilimwendea muzee wetu wa zamu, mlinzi wa usiku, ambaye nyumba tatu za barabara yetu tunachangia kumlipa. Nilikuwa nimewaka. Yeye akaniangalia bila kuinuka kwenye kigoda.

"Mama, baridi ya usiku huu umeisikia? Miye nilikuwa kwa mbabula. Mbabula iko kule, motokari iko huku."

Mbabula ni jiko la makala, yaani makaa, la kuota moto. Nilikasirika zaidi. Leo nakiri kwamba katika yote niliyoambiwa mwaka ule kuhusu kulinda gari, hakuna aliyesema la maana kuliko hilo, lakini ilinichukua pesa nyingi kulielewa.

Kesho yake nikaenda kutafuta vioo kwa wauza vipuri vya occasion, yaani vilivyokwisha kutumika. Kijana akaniletea jozi imefungwa kwa gazeti. "Hii ni ya Japani, mama, imetoka kwenye kontena juzi." Nikafungua gazeti. Kwenye kioo cha kushoto, pembeni chini, palikuwa na mkwaruzo kama wa kucha, umepinda kidogo. Mkwaruzo ule aliuweka mwanangu kwa mpini wa baiskeli yake, na nilimgombeza siku nzima. Nikamtazama kijana, naye akatazama pembeni. Nilitoa dola 25 nikachukua vioo vyangu. Dada yangu mpaka leo ananiuliza kwa nini sikupiga kelele. Ningepiga kelele, kioo kingepotea, na mzigo wangu ulikuwa unaningoja mpakani.

Kwa gari langu, kioo cha pembeni hakifungwi kwa skrubu. Nyuma yake kina vishikizo vya plastiki vinavyobanwa kwenye mota, ukipenyeza bisibisi bapa na kuvuta, kinatoka kwa sekunde chache. Ndiyo maana mtu anaweza kuvichukua vyote viwili wakati zamu anapuliza makala yake.

Nilianza kununua vitu. Karibu nusu ya nilivyonunua kulinda gari ndivyo vilivyoliumiza.

Kava la kufunika gari zima ndilo la kwanza. Wanaoijua Lubumbashi ya mwezi wa nane wanajua vumbi letu jekundu: linaingia hadi kwenye mkate. Nikaona nikifunika gari kila usiku, nitaokoa rangi, na mwizi ataona kazi ya kufunua. Nilinunua kava la nailoni, jepesi, la rangi ya fedha, nikafurahi nalo wiki tatu. Siku moja fundi wangu akaliosha gari, akalipeleka juani, akaniita. Boneti nzima ilikuwa na mikwaruzo myembamba ya mviringo, kama sufuria iliyosuguliwa kwa waya. Kava lilikuwa likipeperushwa na upepo usiku kucha juu ya vumbi ambalo sikulifuta, yaani kila usiku nilikuwa nalisugua gari langu kwa msasa. Kava ni zuri kwa gari lililolala ndani ya karakana, au lililooshwa kabla ya kufunikwa. Kwa gari la barabarani kwetu, afadhali ndoo mbili za maji, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, na nta mara moja moja.

Miti nayo. Nilikuwa naegesha chini ya mwembe kwa ajili ya kivuli. Mvua zikianza, maembe huanguka, na embe bichi likishuka kutoka juu linaacha bonde kwenye paa. Nikahamia chini ya jakaranda, nikijiona mwerevu. Mwezi wa kumi maua ya zambarau yaliujaza mfereji mdogo ulio chini ya waipa, yakaoza, yakaziba matundu ya kutolea maji. Mvua kubwa ya kwanza maji yakashukia ndani, kwenye miguu ya abiria. Sasa kila Jumamosi mwanangu anatoa majani pale kwa mkono, ndiyo kazi yake kabla ya mpira.

Mazulia ya mpira nilinunua kwa sababu ya matope, na ni mazuri kweli. Kosa langu ni kuyaweka juu ya yale ya zamani. Kwenye barabara ya Kasumbalesa, nikitaka kupunguza mwendo nyuma ya lori, niliinua mguu na gari likaendelea kuvuta. Zulia la juu lilikuwa limeteleza na kubana pedali ya mafuta. Nilitia gia huru, nikakanyaga breki, nikaegesha pembeni nikitetemeka, malori yananipigia honi. Baadaye fundi aliniambia kwamba mwaka 2009 Toyota yenyewe iliita magari karibu milioni 4 nchini Marekani kwa sababu ya mazulia yaliyoweza kunasa pedali. Zulia liwe moja tu, na lile la dereva lishikwe na ndoano zake.

Kava za viti sina mengi ya kusema. Ila tazama ubavuni mwa kiti: kama kuna lebo ya airbag, usikifunge kwa kava nzima nene, maana mfuko ule hutokea hapo hapo.

Halafu GPS. Mdogo wangu ndiye aliyenisukuma. Kisanduku kidogo chenye SIM kadi, unakiuliza kwa ujumbe na kinakujibu gari liko wapi. Nilikipenda sana mpaka nilipougua malaria. Gari lilikaa wiki tatu bila kuwashwa, na nilipopona lilikuwa limekufa, hata taa ya ndani haikuwaka. Fundi alikuja, akaipima betri, akaanza kunifanyia hesabu kwa kidole juu ya vumbi la boneti.

"Hii GPS yako inakunywa miliampea 50, usiku na mchana. Zidisha kwa saa 24. Zidisha kwa siku 21."

Akaandika 25,200, akaweka nukta, ikawa ampea-saa 25 na kidogo. Betri yangu ikiwa mpya ni ya ampea-saa 45, na haikuwa mpya.

"Nusu yake na zaidi imekunywewa na mlinzi wako."

"Nimekuelewa, papa. Sasa toa kidole kwenye rangi yangu."

GPS bado ninayo, lakini ile ya zamani ilitolewa, ikawekwa nyingine inayolala gari likizimwa. Na nimejifunza kwamba yunite, yaani salio, zikiisha kwenye SIM kadi, una kisanduku tu. Haizuii mwizi hata kidogo, inakueleza ameelekea wapi, kama kuna mtandao huko aliko.

Sasa vile vilivyonisaidia. Fimbo ya chuma ya kufunga usukani, ile nyekundu, ilinigharimu dola 15. Mdogo wangu aliicheka: mwizi mwenye msumeno hahitaji kukata fimbo, anakata usukani wenyewe. Ni kweli. Lakini kukata usukani kunataka muda na kelele, na fimbo inaonekana kutoka nje. Marekani, wizi wa magari ya Hyundai na Kia ulipolipuka miaka michache iliyopita, kwa sababu mengi hayakuwa na ule mfumo wa funguo yenye chipu, kampuni zenyewe ziligawa fimbo za namna hii bure kupitia polisi. Kama teknolojia yote ile ilirudi kwenye fimbo, mimi wa Kampemba, hapa Lubumbashi, nani niidharau? Naifunga hata nikiingia kununua mkate.

Swichi ya siri ndiyo niliyoitilia maanani zaidi. Inakata umeme wa pampu ya mafuta: mwizi akiwasha, injini inaunguruma sekunde chache kwa mafuta yaliyobaki kwenye mpira, kisha inazimika, na yeye amekwama katikati ya barabara. Fundi alitaka kuiweka chini ya dashibodi. Nikamwuliza, magari mangapi umeyawekea swichi pale? Akacheka. "Yote." Basi tukatafuta mahali pengine, ambapo siandiki hapa. Vijana wa kuosha magari hawapajui, wala binamu zangu. Nilisisitiza relei na fyuzi, na nyaya zifungwe vizuri, kwa sababu nimeona gari lililoungua kwa waya wa swichi uliosuguana na bati.

Swichi hiyo ilinitia aibu mimi kabla ya mwizi yeyote. Siku moja kwenye peaji, kizuizi cha kulipia barabara, nilizima gari nikitafuta pesa, mkono wangu kwa mazoea ukaigusa swichi. Nikalipa, nikawasha, likaunguruma, likazimika. Tena. Tena. Nyuma yangu foleni ya malori. Dereva mmoja wa Zambia akashuka kunisaidia kusukuma, akasukuma kwa moyo wote, na mimi ndani nikakumbuka. Niliona aibu kumwambia. Nikapindua swichi, gari likawaka, nikampungia mkono, naye akaamini ni nguvu zake.

Kwenye magurudumu nina nati moja ya funguo maalumu kila gurudumu. Funguo yake imefungwa kwa gundi ya karatasi chini ya tairi la akiba, si nyumbani kwenye droo, na kwado wangu, fundi wa tairi, ameonyeshwa. Betri ina kibano cha chuma chenye kufuli. Haya hayana hadithi.

Vioo nilivirudia mwishoni, ingawa ndivyo vilivyoanzisha yote. Kuna kijana anayezunguka na mashine ndogo ya kuchora, kama ya daktari wa meno, inayotumia betri ya gari. Wengi humwambia aandike namba ya plati. Mimi nilimpa namba ya chasisi, ile inayoanza na NCP60, kwa kuwa plati hubadilika na chasisi haibadiliki. Alibandika utepe, akakata herufi kwa wembe, akafunga mdomo kwa kitambaa, akaanza. Sauti yake ni ya kung'oa jino. Unga mweupe ulimwagika kwenye mkono wake. Nilimsimamia kwenye vioo vya milango nikimwambia apitishe juu juu tu, maana vioo vile vimepikwa kwa moto, ukichimba sana kioo chote kinaweza kupasuka punje punje. Kwenye vioo vya pembeni aliweka namba pembeni chini, pale pale penye mkwaruzo wa baiskeli. Kisha tukavibandika kwa silikoni. Najua gharama yake: basi la abiria liligonga kimoja mwaka uliofuata na ikabidi kununua kichwa kizima, si kioo peke yake. Nililipa nikinung'unika.

Na muzee wa zamu. Nyumba zetu tatu tulikubaliana kumwongezea kidogo kila mwezi, tukamnunulia koti zito, tochi na filimbi, na mfuko wa makala wakati wa baridi. Kisha nikafanya jambo ambalo ningelifanya tangu siku ya kwanza: nilichukua mbabula yake na kigoda chake, nikavihamishia hatua kumi kutoka kwenye gari langu, mahali cheche haziwezi kulifikia. Hakuuliza kitu. Alikaa, akanyoosha mikono kwenye moto.

Mwaka jana, mwezi wa nane, alipewa ruhusa siku mbili kwenda kwenye kilio. Siku ya pili asubuhi nilitoka na chai yangu kama kawaida. Vioo vilikuwepo. Lakini kwenye cha kushoto, juu ya vumbi jekundu, palikuwa na alama za vidole vinne, zimeanzia juu na kushuka mpaka kwenye ukingo wa chini, zikaishia kwenye namba. Vumbi juu ya namba lilikuwa limefutwa safi, kwa dole gumba.

Sikuosha kioo kile. Muzee aliporudi nilimpeleka akaone. Aliinama, akavuta miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akaangalia muda mrefu.

"Alisoma," akasema.