Jinsi nilivyomwandaa binti yangu kupigwa picha za ubongo

Binti yangu alianza kuduwaa akiwa na umri wa miaka 6. Alikuwa akizungumza au akila, kisha macho yanamganda, kope zinapepesa kidogo, na baada ya sekunde kama 10 anaendelea pale alipoachia, bila kujua kwamba aliondoka. Kwa kuwa haanguki wala hatoki povu, bibi yake aliyeko Tanga hakukubali kwamba hicho nacho ni kifafa. Daktari wa hapa Connecticut, Marekani, tunakoishi, alimtaka avute na kutoa pumzi kwa nguvu kwa dakika 3 huku akipimwa umeme wa ubongo, yaani EEG. Mtoto akaduwaa palepale, na kwenye skrini yakatokea mawimbi yenye ncha, matatu kwa kila sekunde, ambayo ni alama ya kifafa cha kuduwaa.

Dawa ya ethosuksimaidi ilikomesha kuduwaa, lakini umakini haukurudi. Mwalimu alisema anaanza hesabu vizuri na kuiacha njiani, nami nyumbani nilimgombeza kwa uvivu, jambo ambalo linaniuma hadi leo. Daktari ndiye aliyenieleza kwamba katika jaribio kubwa la Marekani lililolinganisha dawa tatu kwa watoto 453 wenye kifafa hiki, ambalo matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka 2010, takriban theluthi moja ya watoto walikuwa na upungufu wa umakini hata kabla ya kuanza dawa, na kwamba kukoma kwa kifafa hakukuuondoa. Alinionyesha pia utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 2011, ambamo watoto 26 wenye kifafa hiki na 22 wasio nacho walibonyeza kitufe kila walipoiona herufi X wakiwa ndani ya MRI, mashine inayopiga picha za ubongo kwa nguvu ya sumaku. Hata pale EEG ilipokuwa tulivu, wenye kifafa walikosea zaidi, sehemu ya kati ya ubongo wa mbele ilifanya kazi kwa kiwango kidogo, na mawasiliano yake na eneo jingine la umakini, upande wa kulia, yalikuwa hafifu. Niliposoma hayo, niliacha kabisa kutamka neno uvivu.

Kwa hiyo tulipoombwa kushiriki katika utafiti wa aina hiyo nilikubali, baada ya mtoto mwenyewe kuulizwa na kuridhia. Ugumu ulikuwa kumfanya atulie, kwa sababu kichwa kikisogea hata milimita chache picha huharibika. Kwa wiki tatu tulifanya mazoezi chini ya meza ya chakula niliyoifunika kanga. Nilimbandika plasta nyepesi kutoka upande mmoja wa mto, kupitia kipajini, hadi upande wa pili, ili ahisi mwenyewe anapogeuka, nikamwekea sauti za mashine kutoka intaneti, kwanza kwa dakika 1, kisha 5, hadi akafika 15. Nywele ndizo sikuzifikiria mapema. Vihisio vya EEG hugusa ngozi ya kichwa, kwa hiyo usiku wa kuamkia siku hiyo nilifumua rasta zote na kumsuka mistari michache yenye njia pana, bila mafuta na bila kibanio chochote cha chuma. Mzazi mwenye mtoto wa nywele kama zetu aulize habari hii wiki moja kabla.

Alitulia vizuri, akatoka akiwa na usingizi. Watafiti walinieleza waziwazi kwamba picha hizo hulinganisha makundi ya watoto, na haziwezi kuthibitisha tatizo la mtoto mmoja; kwa hilo tulihitaji vipimo vya umakini vya mwanasaikolojia, ambavyo tulifanyiwa baadaye. Nilivipeleka shuleni. Sasa anakaa mbele, anapewa agizo moja kwa wakati, na mtihani wake umegawanywa vipande viwili vyenye mapumziko katikati. Nyumbani namgusa bega kwanza, nasubiri aniangalie, ndipo nasema.