Nukta Nne

Jana usiku tulimaliza kutazama upya msimu wa sita wa Line of Duty, mimi, dada yangu na shemeji, na kwa mara ya kwanza tuliutazama tukiwa katika sebule moja. BBC ilipourusha mwaka 2021, Uingereza ilikuwa bado imebanwa na masharti ya korona. Ruhusa ya kutembeleana ndani ya nyumba haikurudi hadi tarehe 17 Mei, ilhali sehemu ya mwisho ilionyeshwa tarehe 2 Mei. Kwa majuma saba, kila Jumapili saa tatu usiku, mimi nikiwa Leicester na wao wakiwa Coventry, tuliziacha simu zetu wazi mezani na kutazama kila mtu kwake, kisha tukabishana hadi usiku wa manane. Wakati ule sikujua ni kwa kiasi gani mabishano yale yalikuwa yananishikilia. Nilikuwa naishi peke yangu, na juma zima nililihesabu kuanzia Jumapili moja hadi nyingine.

Kwa asiyeifahamu tamthilia yenyewe, ilianza mwaka 2012 ikiandikwa na Jed Mercurio, nayo inahusu kikosi cha kubuni kiitwacho AC-12 ambacho kazi yake ni kuwachunguza polisi wenzao. Anakiongoza Mrakibu Ted Hastings, mtu wa Ireland ya Kaskazini mwenye msimamo na hasira za haraka, na chini yake wako Steve Arnott na Kate Fleming. Kila msimu huwa na polisi mmoja anayeshukiwa, lakini chini ya kesi hizo zote umepita mkondo mmoja: polisi wanaolitumikia genge la wahalifu kutoka ndani ya jeshi lenyewe, na mkubwa wao asiyejulikana, ambaye sisi watazamaji tulimwita H.

Herufi hiyo ilitoka kwa Dot Cottan, polisi mwovu aliyekufa mwishoni mwa msimu wa tatu, mwaka 2016, baada ya kuikinga risasi iliyokuwa imwue Kate. Maneno yake ya mwisho yalirekodiwa kwenye video. Kwa muda mrefu tuliamini kwamba alikuwa akiwataja wenye majina yanayoanza na H, na msimu wa nne ukatupa Hilton, ambaye alikutwa amekufa. Kisha mwaka 2019, mwishoni mwa msimu wa tano, Steve na Kate wakaitazama video ile upya na kugundua kwamba mkono wa Dot ulikuwa ukigonga mara nne. Katika alama za Mosi (Morse), zinazoandika herufi kwa nukta na vistari, nukta nne ni herufi H. Dot hakuwa akitaja jina. Alikuwa akihesabu watu: wanne. Mmoja ni yeye mwenyewe, wa pili ni Hilton, wa tatu ni mwanasheria Gill Biggeloe, na wa nne hakujulikana. Tukabaki na nukta moja isiyo na mwenyewe kwa miaka miwili.

Nilikulia katika nyumba ambamo vitendawili vilitegwa kila usiku kabla ya kulala, na ndivyo nilivyoipokea nukta ile ya nne. Mtegaji anasema kitendawili, nasi tunajibu tega, na tangu hapo kuna mapatano ambayo hakuna anayeyatamka lakini kila mtoto anayajua: jibu lazima liwe kitu tulichokwisha kukiona, na likitajwa, kila sehemu ya fumbo lazima ilikubali. Ukishindwa, unampa mtegaji mji, naye anauchukua, anajisifia alivyokula na kunywa huko, ndipo anapolitoa jibu. Unaweza kukasirika kwa kuupoteza mji wako, lakini huwezi kulikataa jibu ukiona limekaa sawasawa.

Mimi nilimshuku Hastings, nami sioni haya kukiri kwamba nilikuwa na ushahidi wa kutosha. Mtu wa nne alipowasiliana na genge kwa kompyuta, neno la Kiingereza definitely aliliandika vibaya, akiweka herufi a mahali pa i. Katika msimu wa tano Hastings naye aliliandika hivyohivyo alipojifanya kuwa ndiye mtu huyo. Nilipoliona kosa lile kwenye kioo nilisimama. Nilimpigia dada simu usiku uleule na kumwambia kesi imekwisha.

Dada yangu hakukubali hata siku moja. Hoja yake ilikuwa kwamba Hastings anampenda Steve kama mwanawe, na mtu mwovu hawezi kulea namna ile. Yeye alimshuku mkuu wa jeshi la polisi, Philip Osborne, aliyejitokeza hadharani kukana kwamba ufisadi upo katika jeshi lake. Halafu katika sehemu ya tano ikaonyeshwa picha ya polisi mstaafu aitwaye Marcus Thurwell, na picha yenyewe ilikuwa ya James Nesbitt, mwigizaji mashuhuri. Dada akabadilika hapohapo. Alisema haiingii akilini mtu mkubwa kama Nesbitt aitwe kuja kupigwa picha tu. Baadaye Thurwell alikutwa ni maiti huko Hispania, na kweli Nesbitt hakuonekana popote isipokuwa pichani.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi moyoni, kwa sababu linaonyesha tulivyokuwa tukifikiri. Dada hakuwa akipima kama inawezekana kwa polisi mstaafu kuongoza genge akiwa Hispania. Alikuwa akipima kama inawezekana kwa BBC kumlipa Nesbitt kwa kazi ndogo kiasi kile. Mimi nami, nikimshuku Hastings, sikuwa nikiuliza kama mkuu wa kikosi cha kupambana na ufisadi angeweza kuficha siri kwa miaka yote ile. Nilijiuliza ni jibu gani lingeniumiza zaidi, nikaamini kwamba mwandishi atalichagua hilo. Sote wawili tulisema haiingii akilini, au inaingia akilini, na sote wawili hatukuwa tukizungumzia ulimwengu wa polisi hata kidogo.

Shemeji ndiye pekee aliyeuzungumzia. Alitumikia polisi Mombasa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kuhamia kwa wanawe, na kila Jumapili alikaa na daftari la shule lenye mistari, akiandika kama anayechukua maelezo ya shahidi. Hakutaja jina la mtu. Nilipomlazimisha aseme anamshuku nani, alinijibu hivi: "Shemeji, mimi simtafuti mwenye akili. Namtafuta ambaye jalada likifika mezani kwake halitoki."

Usiku wa tarehe 2 Mei mtu wa nne aliingizwa katika chumba cha mahojiano, mlango ukafunguliwa, na aliyeingia alikuwa Ian Buckells. Mvivu yule. Yule aliyekuwepo tangu msimu wa kwanza, akakosea kila alichokigusa, lakini akazidi kupandishwa vyeo hadi kufikia umrakibu. Kosa la tahajia lilikuwa lake, limo katika ripoti zake. Hakuwa na mpango wowote mkubwa. Alipokea maagizo kutoka kwa wengine akayapitisha, akapokea fedha, akanyamaza. Watu milioni 12.8 walikuwa wakitazama, idadi ambayo tamthilia ya aina hiyo ilikuwa haijaifikia Uingereza tangu kipimo cha sasa kianze kutumika mwaka 2002, na siku iliyofuata ilionekana kana kwamba nusu yao wamekasirika. Kazini kwangu hapakuwa na mazungumzo mengine. Neno lililorudiwa na kila mtu ni lilelile: haiwezekani, mtu mjinga kama yule hawezi kuwa ndiye.

Nami nilikuwa miongoni mwao. Niliwaambia wenzangu kwamba tumedanganywa, na nilimaanisha.

Lakini yapo mambo katika tamthilia hii ambayo kwa hakika hayaingii akilini, nasi tuliyameza bila kutafuna. Ryan Pilkington tulimwona msimu wa kwanza akiwa mtoto wa genge, akiwa tayari kuvikata vidole vya Steve. Kufikia msimu wa sita amevaa sare ya polisi, kana kwamba hakuna aliyekagua historia yake kabla ya kumwajiri. Watu watatu walewale wanachunguza kila kesi nzito, hata zile zinazowagusa wao wenyewe. Risasi zinalia barabarani mara nyingi kuliko inavyozoeleka katika nchi ambayo polisi wake wengi hawabebi bunduki. Hakuna aliyenipigia simu usiku kulalamikia hayo. Yale yasiyowezekana yalituvutia, tukayakubali. Jambo moja linalowezekana kabisa, kwamba mtu asiye na kipaji chochote anaweza kufunika uovu kwa miaka kwa kutofanya kazi yake tu, ndilo tuliloliita uongo.

Tarehe 15 Juni mwaka uleule, wiki sita na siku mbili baada ya sehemu ya mwisho, ilitolewa ripoti ya jopo huru lililochunguza mauaji ya Daniel Morgan. Alikuwa mpelelezi wa kibinafsi aliyeuawa kwa shoka katika maegesho ya baa moja huko Sydenham, kusini mashariki mwa London, tarehe 10 Machi 1987. Uchunguzi ulifanywa mara kadhaa, na hakuna mtu hata mmoja aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo. Jopo hilo, likiongozwa na Nuala O'Loan, liliundwa mwaka 2013, na ripoti yake ina kurasa zaidi ya 1,200. Mkuu wa polisi wa London wa wakati huo alilikataa hitimisho lake, lakini hitimisho lenyewe liko wazi: polisi wa London walitanguliza kulinda jina lao, wakaficha makosa yao, na jambo hilo jopo likaliita aina ya ufisadi wa taasisi. Nilizisoma taarifa zake kwenye basi nikielekea kazini. Kilichonishika ni jinsi mambo mengi yaliyoelezwa yalivyokuwa madogo: eneo la tukio lisilolindwa ipasavyo, ushahidi usiokusanywa, nyaraka zilizocheleweshwa. Nilimtafuta mwerevu aliyeketi gizani akizivuta kamba zote, na nilichokutana nacho ni meza baada ya meza ambako kazi haikufanyika. Na upande wa pili wa meza hizo, familia ya marehemu imengoja tangu mwaka 1987.

Nilimpigia shemeji jioni ile. Hakuonyesha kwamba alikuwa amelijua tangu mwanzo, ingawa angekuwa na haki. Aliniuliza tu kama mama wa Daniel Morgan alikuwa bado hai.

Hata hivyo, sijaiacha hasira yangu yote, na jana usiku nilimweleza hivyo. Jibu la Buckells ni la kweli, lakini kitendawili kilitegwa kwa namna nyingine. Ukimwonyesha mtu video ya anayekufa, ukampa herufi, ukaibadilisha herufi kuwa nukta, ukamfanya azihesabu nukta kwa miaka, umemwambia kwamba mwisho wa njia kuna mtu anayestahili kutafutwa. Tulitegewa fumbo la mwerevu na jibu lake likawa mzembe. Shemeji alisema kwamba hata wapelelezi wa kweli hutegewa hivyohivyo, kwa sababu kila familia inayopoteza mtu wake huamini kwamba aliyefanya lazima awe na ukubwa unaolingana na msiba wenyewe. Nilimjibu kwamba familia haijalipia runinga. Tuliachana hapo kila mtu na lake. Ninavyoona, mwandishi alikuwa na jambo zito la kusema kuhusu nchi yake, akalisema, lakini hakulilipia njiani. Buckells alihitaji kuonekana katika msimu wa tano, hata kwa dakika chache za uzembe, ili mlango ule ulipofunguliwa tukumbuke badala ya kushangaa.

Asubuhi hii dada alitaka turudi msimu wa kwanza ili tuone kama ninayoyasema yana ukweli. Tuliuweka tukanywa chai. Buckells alipoingia akiwa na cheo cha chini kuliko kile alichokamatwa nacho, akikabidhiwa kazi ya mwenzake, nilisimamisha picha. Hakuna chochote usoni mwake. Dada akaniomba niendelee, maana chai inapoa na hapo hapana cha kutazama. Shemeji alikuwa tayari amelifungua daftari lake la zamani kwenye ukurasa wa kwanza, akatusogezea. Juu kabisa, chini ya tarehe ya Machi 2021, kwa mwandiko wake wa polepole, ameandika majina ya wakubwa wote waliowahi kupokea jalada, na jina la Buckells ni la tatu. Pembeni yake hakuna alama yoyote.