Tangi limejaa, mvua bado inanyesha

Wengi wetu Mwanza tukitaka kuvuna mvua tunaanza kwa kuuliza bei ya tangi. Swali la kwanza liwe jingine: tangi likishajaa, maji yanayofuata yataelekea wapi? Maana yatafuata tu, na ni mengi kuliko yale yaliyoingia ndani.

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba ya mita 8 kwa 10 ina paa la mita za mraba 80 (pima eneo linalofunikwa na paa ukiwa chini, usipime urefu wa bati). Hapa tunapata karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Toa asilimia 15 inayorushwa nje na upepo au kukaukia juu ya bati la moto, zinabaki lita 68,000. Simtanki la lita 5,000 linajaa kwa milimita 74, yaani mvua chache nzuri za Aprili. Zilizobaki zote ni za kumwagika.

Na hizo lita 5,000 zitakufikisha wapi kiangazi? Tuta la mboga lililo juani linataka kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba ni siku 120 na ushee, kwa hiyo unapata lita 41 kwa siku: mita 8 za mraba, basi. Matuta mawili, moja la mchicha na moja la figili. Si haba, lakini ukitaka bustani nzima iishi, ghala kubwa ni udongo wenyewe. Hata luseni, huu udongo wetu wa kichanga wa miteremkoni, mita moja ya ujazo inashika walau lita 50 ambazo mizizi inaweza kuzinyonya, na mboji inaongeza.

Tuanzie juu. Gata iwe na upana na kina cha inchi 4 kwa 4, ishuke sentimita 1 kwa kila mita, na vishikio vikae kila nusu mita. Ukivipa nafasi ya mita nzima, gata inabonyea katikati, maji yanatuama hapo, majani yanaoza, na mbu wanapata makazi bila kodi. Mvua ya ziwani huja na upepo, na maji yakiteremka kwa kasi kwenye bati yanaruka gata yote. Kata ukanda wa bati wa sentimita 15, uukunje, uupigilie juu ya ukingo wa paa ili uning'inie ndani ya gata. Maji yanagonga ukanda yanadondoka panapotakiwa. Ni kazi ya asubuhi moja, lakini mafundi wengi hawaifanyi usipowaambia.

Mvua ya kwanza ya Oktoba isiingie tangini. Bati limekusanya vumbi la miezi minne, kinyesi cha mwewe na korongo, na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi kisha wakafia juu ya paa. Paa la mita 80 linataka kumwaga walau lita 40 za mwanzo. Watu hufunga bomba la kusimama la inchi 4, mita moja, la kunasa maji hayo machafu, wakaridhika. Bomba hilo linabeba lita 8 tu. Njia rahisi isiyoharibika ni kuacha kipande cha mwisho cha bomba linaloingia tangini bila gundi: mvua mbili za mwanzo ukigeuze kimwage kwenye migomba, paa likishaoshwa ukirudishe.

Tangi lenyewe sitalizungumzia sana. Lita 5,000 ni tani 5, kwa hiyo kitako kikae juu ya ardhi ya asili. Kifusi ulichosawazishia kiwanja cha mlimani kitatitia upande mmoja, na koki ndiyo itakayopasuka kwanza. Kitako kiinuke sentimita 60 ili keni ya kumwagilia iingie chini ya koki. Koki iwe sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi, tope libaki chini.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni bomba la ziada, lile la kutolea maji tangi likishajaa. Maji yanaingia kwa bomba la inchi 4, yanatokea kwa bomba la inchi moja na nusu. Tundu hilo ni dogo mara saba. Mvua ikikaza hadi milimita 1 kwa dakika, paa la mita 80 linashusha hadi lita 80 kila dakika, ndoo ya lita 20 kila sekunde 15. Maji hayo yakikosa njia yanatokea kwenye mfuniko, yanashuka ubavuni na kuchimba udongo chini ya kitako. Bomba la kutolea liwe sawa na la kuingizia, na mdomoni funga wavu wa mbu kwa waya.

Sasa huko bomba la ziada linakoelekea. Chimba kinga maji, yaani mtaro, linalokata mteremko: upana sentimita 40, kina 40, urefu mita 10. Linabeba lita 1,600, sawa na dakika 20 za ile mvua iliyokaza. Udongo unaotoka ulundike upande wa chini, uushindilie kwa miguu, upande majani tembo au mchaichai juu yake. Sakafu ya kinga iwe sawa kabisa kutoka mwisho mpaka mwisho. Usipime kwa macho, mlima unadanganya. Tumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule wa mafundi: ncha mbili zifungwe kwenye fito, na maji yakisimama alama moja kwenye fito zote, hapo ni usawa. Tofauti ya sentimita 10 tu inapeleka maji mengi kwenye kona moja, na kona hiyo ndiyo itakayobomoka usiku.

Kabla ya kuchimba, jaribu udongo. Toboa shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaishe, ulijaze tena. Mara ya pili maji yakiisha ndani ya siku moja, endelea. Yakikaa siku tatu, hapo pana mfinyanzi, na utakuwa unafuga mbu.

Kinga nalo litajaa. Mwisho mmoja uache mdomo wa mawe ulio sentimita 10 chini ya kilele cha tuta, uelekee shimo la migomba: duara la mita 2, kina sentimita 60, umbo la bakuli. Jaza matawi, majani makavu, mabua. Panda migomba minne kwenye ukingo, na mpapai upande ulio mkavu zaidi, kwa sababu mizizi ya mpapai huoza ikilowa muda mrefu.

Kaa mita 3 au zaidi kutoka msingi wa nyumba, na mita 10 kutoka choo cha shimo. Na kama kiwanja chako kiko mahali ambapo unashika mawe ili uweze kukwea, usichimbe kinga kabisa. Mengi ya haya mawe makubwa yamekalia udongo, na udongo ukilowa chini ya jiwe, jiwe huanza kutafuta pengine pa kukaa. Huko peleka ziada kwa bomba hadi mtaro wa mtaa. Jirani wa chini ana haki ya kulala usingizi.

Jiwe lililo tambarare uwanjani, hata hivyo, ni paa la bure. Mita 20 za mraba za mwamba, mvua ya milimita 20, ukitoa yanayopotea njiani, unapata kama lita 320. Jenga ukingo wa mawe madogo na saruji, kimo sentimita 15, ukishuka taratibu kuelekea bomba. Ukingo ukibanduka, ujue mwamba haukusuguliwa. Piga brashi ya waya, osha, paka uji mzito wa saruji, kisha udongo wa saruji 1 kwa mchanga 3 ukiwa uji bado mbichi. Fanya kazi jioni, maana jiwe lililoshinda juani linakausha saruji kabla haijashika, halafu funika kwa magunia yaliyolowa siku saba. Maji haya ni ya bustani tu. Wale mijusi wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu nao wana choo chao hapo juu.

Maji yakishaingia ardhini, yafunike. Pumba za mpunga ni nzuri lakini upepo huzibeba, kwa hiyo weka nyasi juu. Magugu maji yanapatikana bure ufukweni, ila yaanike juu ya mwamba mpaka yawe kama karatasi, kwani zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 ni maji. Tandaza unene wa kiganja, uache nafasi kuzunguka shina la nyanya. Na ukienda kuyachukua usiingie majini peku. Kichocho kipo.

Januari na Februari mvua zikipungua, ingia kwenye kinga na koleo. Utakuta tope laini jeusi limejaa nusu. Lisipotolewa, masika kinga litabeba nusu ya lile ulilochimba. Lipakie kwenye toroli, ulirudishe juu ya matuta kabla ya Machi.