Siku mama alipoangalia damu yake

Mdogo wangu alikuwa anatapika chakula cha jana. Saa nne asubuhi anatoa maharage ya usiku yakiwa mazima na maganda yake. Kibosho, nyumbani kwa kina mama tulikoishi, tulikuwa tumeshazoea. Dawa za minyoo alikunywa, za vidonda vya tumbo alikunywa, mtori mwepesi wa bibi ndio usiseme. Ukimwi alipimwa kila tulikopita, hana.

Hospitalini Moshi wakamnywesha bariamu, maji meupe yanayoonekana kwenye eksirei, na kumpiga picha. Njia ya kutokea kwenye mfuko wa chakula ilikuwa imebana, imebaki nyembamba kama uzi. Nilidhani watampasua. Badala yake daktari alivuta kiti akaanza kumhoji mama mambo ya zamani. Baada ya chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu, ilikuwaje? Tezi la kwapani lilivimba, likapasuka, likatoa usaha kwa muda mrefu. Amewahi kuugua nini kingine? Jipu kwenye ini. Na kaka zako, mama? Hapo mama akachelewa kujibu. Wawili, walifariki wadogo.

Vifo hivyo ukoo ulishavitolea hukumu: bibi mdogo, mke wa pili wa babu, ndiye aliyewaroga. Tangu hapo nyumba hizo mbili hazikusalimiana, na kihamba, shamba la ukoo, ni kimoja.

Daktari akachukua damu yetu sote watatu, yangu ikiwa ya kulinganishia. Kipimo chenyewe ni cha 1968: damu inachanganywa na rangi ya njano, chembe nyeupe ikiwa nzima inaigeuza bluu iliyokoza. Akatuita tuchungulie kwenye hadubini. Zangu zilikuwa na bluu. Za mdogo wangu, hakuna hata moja. Za mama zilichanganyika, nyingine bluu, nyingine hazina kitu.

Akatueleza kwamba chembe za mtoto zinameza wadudu lakini haziwezi kuwaua. Mwili unazidi kurundika chembe nyingine mahali pale mpaka panavimba, na uvimbe ukiwa tumboni unaziba njia. Ugonjwa unaitwa CGD, kifupi cha Kiingereza cha chronic granulomatous disease. Aina hii mama anaibeba bila kuumwa, kisha kila mtoto wa kiume ni nusu kwa nusu, ama augue ama asiugue.

"Kwa hiyo ni mimi," mama alisema.

"Hukuchagua, mama. Na wewe ulipewa."

Niliona anapiga hesabu. Wajomba walikuwa watoto wa bibi yangu mzaa mama, na kwa bibi mdogo hakufa hata mmoja, jambo ambalo miaka yote lilihesabiwa kuwa ushahidi.

Tulirudi na prednisoloni ya kupunguza uvimbe, dawa ya fangasi, na Septrin ya kila siku ya kuzuia maambukizi, ambayo wenye Ukimwi nao huinywa, kwa hiyo majirani waliifasiri walivyotaka. Tuliambiwa asiguse samadi wala majani ya migomba yaliyooza, kwa sababu ya ukungu. Mwambie hivyo mtoto wa Kibosho uone!

Kutapika kulikoma. Jumapili mama alibeba sukari akavuka mfereji kwenda kwa bibi mdogo, mimi nyuma yake. Bibi mdogo aliipokea, akaiweka chini bila kuiangalia.

"Mtoto anakula?"

"Shikamoo, mama. Anakula. Hizo dawa zimemtia njaa, sasa anamaliza na ya wenzake."

"Marahaba. Mlete basi, nina ndizi zimeiva."