Jinsi nilivyotatua ukungu kwenye miwani ya kuzamia nikiwa Bonaire

Bonaire ni kisiwa cha Kiholanzi katika Karibi, na bahari inayokizunguka ni hifadhi tangu 1979. Huhitaji mashua: unaegesha gari penye jiwe la njano lenye jina la sehemu, unavaa mtungi wa hewa, unaingia majini kwa miguu.

Siku mbili za kwanza sikuona kitu. Miwani yangu ilikuwa mpya, na kila nikifika mita 8 kioo kilijaa ukungu. Kasa alipita karibu yangu nikaona kivuli tu. Iliniuma sana. Nilitema mate kiooni kama wazamiaji wanavyofanya, wapi!

Kumbe miwani mpya hutoka kiwandani na utando mwembamba wa silikoni, na mvuke hunata hapo. Usiku nilichukua dawa ya meno nyeupe, si ile ya jeli, nikasugua kioo kwa ndani kwa kidole mpaka kikaanza kulia kwii. Nikasuuza, nikarudia mara tatu. Asubuhi nikapaka tone la shampuu ya watoto, nikasuuza kidogo, wala sikugusa tena ndani. (Miwani yenye kioo kilichopakwa dawa maalumu usiisugue hivyo.)

Dakika 50 chini, kioo safi! Niliwahesabu samaki kasuku wakitafuna matumbawe.

Siku ya mwisho niliiachia uvuvi, kwani baada ya kuzamia siku kadhaa unapaswa kungoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Tulikokota mishipi nje ya hifadhi, tukapata nguru mmoja.